Kabla hujawapeleka watoto kuteleza mchangani Mtwara

Watoto wa nchi za baridi wakitaka kuteleza, wazazi wao hutafuta kilima chenye theluji. Wa kwetu Mtwara huokota karara chini ya mnazi, lile ganda lenye umbo la ngalawa lililofunika maua kabla hayajachanua. Mmoja hukaa ndani, mwenzake hushika kikonyo na kuvuta, na mchezo umeanza. Kuti nalo linafaa. Raha ni ileile, na hatari nyingi ni zilezile: mteremko usioujua, kitu kigumu kilichofukiwa chini, na mtu mzima aliyefika mahali bila kupakagua. Nimekuwa nikiwapeleka wanangu pamoja na wa jirani kwa miaka kadhaa, na haya ndiyo ninayoyaangalia kabla sijafunga kapu la chakula.

La kwanza ni maji, na hapa sitaki kwenda haraka. Ufukwe wetu wa Shangani wa saa 4 asubuhi na ule wa saa 10 jioni ni pwani mbili tofauti. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwenye kujua mwezi ana mwanzo mzuri. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa mno, yakafika chini kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, kisha yakarudi kujaa hadi juu kwenye saa 10 au 11 jioni. Kati ya kupwa huko na kujaa huko kimo cha maji huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mpango hugeuka: asubuhi maji yako juu, jioni ndiyo yanashuka, wala hayaendi mbali. Ukitaka mchanga mpana, mgumu, wenye unyevu, ambao karara hupita juu yake bila kuzama, nenda asubuhi ya bamvua. Halafu uliza wavuvi saa ya siku hiyo yenyewe, maana wao wameiona jana.

Mwaka mmoja nilikaa na watoto wanne juu ya fungu la mchanga, macho yangu yakiwa kwenye bahari iliyokuwa mbali mbele yetu. Sikujua kwamba maji yakirudi hayaji kwa mbele peke yake. Yaliingia kwanza kwenye mkondo uliokuwa nyuma yetu, ule tuliouvuka asubuhi ukiwa na maji ya kifundo cha mguu. Nilipogeuka, yalinifika mapajani, na mdogo wao alikuwa na miaka 5. Mvuvi aliyekuwa akisukuma mtumbwi ndiye aliyembeba begani hadi nchi kavu. Mimi nilimshika mkono mtoto wa pili, na wakubwa wakashikana nguo. Tangu siku hiyo hatuchezi ng'ambo ya mkondo wowote, hata ukiwa mkavu. Tukifika nachomeka kijiti kwenye ukingo wa maji, na maji yakianza kukipita kurudi juu tunakusanya vitu, hata kama mchezo umenoga.

Mteremko wa kutelezea ukague kuanzia chini. Watu wengi hupanda juu, wakatazama mandhari, wakawaachia watoto. Wewe simama pale watakapoishia na ujiulize wataishia kwenye nini. Panatakiwa nafasi tambarare, ndefu, isiyo na mawe ya matumbawe, mizizi ya mikoko inayochomoza, kamba za nanga wala mbao za vyombo zenye misumari, na isiyoishia majini. Pita hapo ukiwa umevaa viatu, ukitifua mchanga kwa fimbo, kwani chupa zilizovunjika hufukiwa na mchanga wa siku moja tu. Kisha watoto wateleze wakiwa wamekaa, miguu mbele, mmoja baada ya mwingine, na wa pili asianze mpaka wa kwanza ameondoka chini.

Kuna sehemu mbili ambazo kwangu hazina mjadala. Ukingo uliomomonywa na mawimbi, uliobaki kama ukuta wenye shimo kwa chini, usichezewe juu wala chini. Mashimo ya kuchimbia mchanga wa ujenzi vilevile: kuta zake huporomoka bila kutoa sauti, na mchanga mzito ukimfunika mtoto kifuani hawezi kupumua wala kupiga kelele. Hata mashimo wanayochimba wenyewe ufukweni yasizidi magoti ya aliye mdogo kuliko wote, na yafukiwe kabla ya kuondoka.

Miguuni wavae yeboyebo au viatu vinavyoshika kisigino. Ndala huchomoka miguuni kwenye tope. Wakikanyaga maji ya kina kifupi waburute nyayo badala ya kupiga hatua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani, akiwa amelala mchangani asikie na kuondoka. Akimchoma mtoto, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, ukiyapima kwanza kwa mkono wako mwenyewe, kwa nusu saa au zaidi, kisha nendeni hospitali. Kwa mjini, Ligula haiko mbali. Chupa ya chai ya maji ya moto ninayobeba kila mara ni kwa ajili hiyo. Wanaopenda kuokota simbi waambiwe wazi kwamba lile lenye umbo la pia halishikwi: mnyama akiwa hai ndani, ana sumu ya kuua mtu.

Kuhusu mahali penyewe, kwa familia isiyo na gari mimi naanza na Shangani. Msangamkuu ina mchanga mzuri, lakini unavuka kwa kivuko, basi uliza cha mwisho kurudi ni saa ngapi kabla hujapanda cha kwanza. Mikindani ni ya kutazama vyombo na majumba ya kale; kwa kuteleza siipendi, ina tope na mikoko. Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo jiandaeni kulipa kiingilio na msiondoke na simbi wala matumbawe.

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na hapa mjini watu walihama nyumba za pwani mapema kwa sababu tahadhari ilikuwa imetangazwa. Siku za kusi kali mchanga hupeperuka ukaingia machoni mwa wadogo; asubuhi na mapema kuna nafuu. Jua la saa 5 hadi saa 9 litumieni kivulini, mkila na kunywa maji. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu tangu mnatoka nyumbani.

Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa, simu ikiwa kapuni.

Na karara lenyewe: lililokauka sana hupasuka, likaacha vibanzi vinavyochoma mapaja. Beba lililoanguka juzi, ambalo ukingo wake bado una ukijani, ulitie maji ya bahari dakika chache kabla mtoto hajakaa.