Ukienda Wałbrzych, anzia mgodini

Kila nikisema wikiendi naenda Wałbrzych, mji wa kusini-magharibi mwa Poland, rafiki zangu hapa Wrocław huuliza, "Unaenda kuona kasri?" Kasri la Książ ni zuri, sikatai. Lakini hii ilikuwa safari yangu ya nne, na mpangilio wangu haubadiliki: mgodi wa zamani wa makaa ya mawe asubuhi, kasri mchana.

Kwa treni ni kama kilomita 70. Angalia tu unaposhukia. "Główny" kwa Kipolandi maana yake "kuu", basi mara ya kwanza nikajifanya mjanja, nikakaa kitini hadi Wałbrzych Główny. Kumbe stesheni hiyo iko pembezoni kabisa, upande wa kusini. Nilirudi mjini kwa miguu, jasho likinitoka. Wewe shuka Wałbrzych Miasto, kisha panda basi la mjini hadi Stara Kopalnia, yaani Mgodi wa Kale.

Huo ndio uliokuwa mgodi wa Julia. Enzi za ukomunisti uliitwa Thorez, jina la kiongozi wa wakomunisti wa Ufaransa. Miongoni mwa waliohamia mjini baada ya Vita vya Pili, Wajerumani walipoondolewa, walikuwemo wachimbaji wa Kipolandi waliorudi kutoka Ufaransa. Mgodi ulifungwa 1996, ukafunguliwa kama makumbusho mwaka 2014.

Usipite mbio bafu la wachimbaji. Inua macho: ndoana zinaning'inia darini kwa minyororo. Mchimbaji alitundika nguo zake, akazivuta juu, kisha akafunga mnyororo chini kwa kufuli. Hewa ya joto ya juu ikazikausha, na mwizi hazifikii. Mimi hapo husimama muda mrefu kuliko kwenye mashine zote.

Miongoni mwa waongozaji wamo wachimbaji wa zamani. Wasalimie kwa salamu yao, "Szczęść Boże", Mungu akubariki, uone uso unavyokunjuka. Mkishazoeana, uliza kwa adabu habari za "biedaszyby", mashimo ya ufukara. Migodi ilipofungwa miaka ya 1990 na kazi zikapotea, watu walichimba wenyewe vichakani bila kibali, wakauza makaa kwa magunia. Wapo waliofukiwa humo.

Ukifika Książ baada ya kusikia hayo, Ukumbi wa Maximilian na dhahabu zake utauona kwa jicho jingine. Chini ya kasri kuna mahandaki yaliyochimbwa na wafungwa wakati wa Vita vya Pili. Lipia nayo pia. Kuhusu ile treni ya dhahabu ya Wanazi, iliyovumishwa 2015 kuwa imefichwa ardhini karibu na hapa, walichimba mwaka uliofuata, hawakupata kitu. Usipoteze saa yako huko.

Kama ni majira ya baridi, maliza Palmiarnia, nyumba ya kioo ya minazi na mitende, si mbali na kasri. Kuta zake za ndani zimepambwa kwa mawe ya volkano ya Etna. Januari mimi huenda kuyeyusha vidole humo kabla ya treni ya kurudi.