Namna ya Kutazama Vipindi vya Sonny na Cher Bila Kupotea Njia

Mara ya kwanza nilipomkalisha mpwa wangu atazame Sonny na Cher, waimbaji wa Marekani waliokuwa mke na mume na wenye kipindi chao cha vichekesho na nyimbo kwenye runinga, nilianza na kipindi cha mwaka 1976, kwa sababu tu ndicho kilichokuwa na picha safi. Hazikupita dakika tano akanigeukia: "Mjomba, mbona huyu mama anamsimanga mumewe hivi, na mume mwenyewe anachekelea?" Nikamwambia huyo si mumewe tena, waliachana mwaka mmoja kabla. "Na hiyo mimba?" Ya mume mwingine, mwanamuziki Gregg Allman. Ikabidi nisimamishe picha nianze kusimulia miaka zaidi ya kumi kwa mdomo, na hamu yote ikatuishia. Tangu siku hiyo sianzi popote ninapopata.

Kabla ya kuwasha chochote, chukua karatasi uandike tarehe chache. Agosti 1971: *The Sonny & Cher Comedy Hour* inaanza kwenye kituo cha runinga cha CBS kama kipindi cha kujazia majira ya joto, inapendwa, inarudishwa Desemba. Februari 1974: Sonny anafungua madai ya kutengana. Mei 1974: kipindi kinakoma. Juni 1975: talaka. Februari 1976: wanarudi hewani pamoja, mtu na mtalaka wake, hadi 1977. Ibandike karatasi hiyo karibu na runinga. Utaitazama zaidi ya unavyodhani, maana maneno yaleyale ya utani yana uzito tofauti kutegemea yamesemwa mwaka gani.

Kisha ujue vijembe vilitoka wapi. Hawa hawakuanza kama wachekeshaji. Mwaka 1965 "I Got You Babe" ilishika nafasi ya kwanza Marekani, nao wakajulikana kwa nywele ndefu na vizibao vya manyoya. Miaka michache baadaye vijana walishahamia muziki mwingine, na filamu waliyoigharamia wenyewe, *Chastity* ya 1969, ikawatia hasara. Wakaangukia kumbi za usiku, mbele ya watu wazima waliovaa suti ambao hawakuja kwa ajili yao. Wasikilizaji wakawatupia maneno, Cher akawajibu. Sonny akamkanya, Cher akamgeuzia kibao yeye. Hapo ukumbi ukacheka. Wakaona kumbe mali iko hapo. Ukipata *The Sonny & Cher Nitty Gritty Hour*, kipindi chao maalumu cha kabla ya mfululizo, kitazame kwanza hata kama picha ni mbovu.

Sasa tafuta kipindi kizima cha 1971 au 1972. Nasema kizima. Vipande vya dakika mbili vilivyojaa mtandaoni ni vya kuonjea tu: vingi huanza kijembe kinapotua na kukata kabla hujaona uso wa aliyepigwa. Saa moja ya runinga ya wakati ule, ukitoa matangazo, hubaki kama dakika 50. Ukikuta dakika 22, jua kuna mtu kapita na mkasi, na mara nyingi nyimbo ndizo zinazokatwa kwanza.

Wanafungua kwa wimbo, halafu wanasimama wawili na vipaza sauti na kuzungumza. Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo. Kama unatazama na watu wasiofuata Kiingereza vizuri, usijaribu kutafsiri kila neno. Nilishajaribu, nikawa nacheka peke yangu huku wenzangu wakinisubiri. Waambie mapema tu kwamba Sonny atataniwa kwa ufupi wake na kwa mama yake, na Cher atataniwa kwa pua na wembamba wake. Yanayobaki watayaona kwenye nyuso. Cher anatupa neno huku anarudisha nywele nyuma ya bega, hana haraka, hatabasamu.

Halafu zima sauti, urudie dakika zilezile ukimtazama Sonny peke yake.

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu. Nilikuwa namwona kama mtu aliyebahatika kuoa mwenye kipaji. Bila sauti unaona kazi yake: anamtengenezea mkewe nafasi. Anavimba kidogo, anajidai msomi, anaeleza jambo kwa madaha kana kwamba hajui linalomjia, kisha anapigwa, na hakai akijitetea muda mrefu kiasi cha kuharibu kicheko. Mtu asiyekubali kushindwa hawezi kazi hiyo. Muulize yeyote aliyewahi kuchekesha jukwaani na mwenzake.

Ila usiwe mwepesi kumhurumia. Nje ya kamera mambo yalikuwa kinyume. Cher mwenyewe amesimulia kwamba kampuni yao iliitwa Cher Enterprises, lakini alipokuja kuzisoma karatasi akakuta Sonny ana asilimia 95 na wakili asilimia 5. Yeye, mwenye jina, hana kitu. Alikutana na Sonny akiwa na miaka 16, Sonny akimzidi miaka 11. Kwa hiyo yule mwanamke anayemgongagonga mumewe kila wiki mbele ya taifa zima ni mwanamke aliyekuwa akipangiwa kazi na mumewe huyohuyo. Ukishalijua hilo, rudi tena kwenye kipindi cha 1972. Vijembe vinasikika vingine.

Michezo mifupi ya katikati nakuachia uchague. Mimi huruka mingi, maana utani wa habari za siku zile umechacha. Nisichoruka ni Laverne, mwanamke wa dobi la mashine, Cher akiwa na nguo ya chui inayombana na ubani mdomoni. Wengi humjua Cher wa magauni ya mbunifu wa mavazi Bob Mackie, kitovu nje. Kwa Laverne unaona kwamba anaweza kuigiza. Na ukiwa na jicho la kutafuta, mchekeshaji Steve Martin, akiwa bado kijana, yumo, kwanza kama mwandishi, mara nyingine mbele ya kamera.

Mwishoni wanaimba wimbo wao, mara nyingi wakiwa na mtoto wao mdogo, ambaye leo anajulikana kama Chaz. Hapa itazame karatasi yako. Ndoa ilikuwa imeshavunjika tangu mwishoni mwa 1972, na kwa zaidi ya mwaka walikuwa mke na mume wa studio tu. Weka mwisho wa kipindi cha 1971 kando ya mwisho wa kipindi cha 1974, uone kama utatambua tofauti. Mimi sikuitambua, na hilo ndilo lililonitisha.

Vipindi vya kila mtu kivyake havihitaji muda mwingi. Sonny alibaki na timu ileile ya waigizaji akaenda kituo cha ABC vuli ya 1974; hakuna wa kumpiga kijembe, na kipindi hakikumaliza mwaka. Cha Cher cha Februari 1975 tazama kile cha kwanza, chenye Elton John, Bette Midler na Flip Wilson, kwa ajili ya muziki. Ndipo urudi 1976 na ile mimba iliyomchanganya mpwa wangu. Safari hii itakuchekesha kwa sababu yake halisi: wanataniana kuhusu talaka yao wenyewe, na watazamaji wote wanajua.

Malizia na Novemba 1987, kwenye kipindi cha mahojiano cha David Letterman. Si chao, ni wageni tu, na miaka kumi imepita tangu waachane kikazi. Letterman anawabembeleza waimbe. Wanaanza kama watu wanaolipa deni, halafu mkono wa Sonny unamzunguka Cher, na kwa mara ya kwanza katika saa zote ulizotazama hakuna anayemtupia mwenzake neno. Mpwa wangu alipofika hapo, mara ya pili, kwa mpangilio sahihi, hakuniuliza kitu. Aliomba tu nirudishe nyuma, kwenye ule mkono.