Nambari Isiyo na Isnadi: Ninavyohakiki Hati za Biashara kwa Akili Unde

Nina meza moja, kompyuta mbili na printa katika chumba kidogo nyuma ya Mkunguni, hapa Lamu. Nawaandikia watu maombi ya mkopo, mipango ya biashara na barua za zabuni. Tangu nianze kutumia akili unde (AI), rasimu iliyokuwa ikinila siku mbili naimaliza kati ya adhuhuri na alasiri. Lakini iliwahi kuniaibisha.

Nahodha mmoja wa Matondoni alitaka mkopo wa injini ya mashua, apate kupeleka wageni kwenye magofu ya Takwa. Sehemu ya soko niliiachia mashine, nayo ikaandika kwa ufasaha kwamba kwa mujibu wa sensa ya 2019, kisiwa cha Lamu kina watu 101,539. Afisa wa mkopo akaizungushia kalamu nambari ile. "Dada, hii umeitoa wapi?" Sikuwa na jibu. 101,539 ni hesabu ya sensa ya 2009, tena ya kaunti nzima. Ya 2019 ni 143,920, na humo wamo watu wa Mpeketoni, Witu na Hindi, ng'ambo bara. Mstari mmoja, makosa mawili, na chanzo kimetajwa kabisa! Ami, yule nahodha, hakunilaumu. Alinyamaza tu mpaka tukafika gatini, na kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Mashine hizi hupanga maneno kwa kukisia lipi linaelekea kufuata lipi. Kwa hiyo jina la ripoti, mwaka, hata nambari ya ukurasa, yote yaweza kutungwa yakapendeza. Usiiulize "una hakika?" ukaridhika na jibu. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi ni za kweli, ikamwambia ndiyo.

Siku hizi naanza na karatasi. Kabla sijaandika chochote napakua ripoti ya sensa kwenye tovuti ya shirika la takwimu, KNBS, na sheria kwenye tovuti ya Kenya Law. Faili hizo nazipakia, kisha naagiza hivi: "Tumia faili hizi pekee. Kila nambari iandikie jina la faili na ukurasa, na unukuu neno kwa neno sentensi au mstari wa jedwali ulimoitoa. Usipoiona, andika HAIMO." Neno HAIMO ndilo lililoniokoa zaidi. Ukiipa mashine ruhusa ya kukosa, haibuni sana.

Rasimu ikitoka, naiambia itoe kila dai na kulipanga katika jedwali: dai, chanzo, ukurasa, tarehe. Safu ya tano naiita "nimefungua", na hiyo naijaza mwenyewe kwa kalamu. Nafungua faili, natafuta nambari ikiwa na koma na isiyo na koma. Jihadhari na kurasa: ukurasa 12 uliochapishwa chini ya karatasi mara nyingi si ukurasa wa 12 wa faili. Na faili iliyopigwa picha haitafutiki. Hapo ni miwani tu.

Mashine ikileta kiungo cha intaneti, fungua. Kiungo kinaweza kuwa hai na ndani yake lile dai lisiwemo. Likiwemo, uliza mwandishi kalipata wapi. Sisi tuliosoma madrasa twajua hadithi za Mtume hudaiwa isnadi, yaani nani kapokea kwa nani. Blogu imenukuu gazeti, gazeti limenukuu ripoti. Basi panda mpaka kwenye ripoti, na hiyo ndiyo uitaje.

Kodi ndipo penye mtego mkubwa, kwa sababu jibu lilikuwa kweli jana. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha TOT, kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, kutoka asilimia 1 hadi 3. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha sheria nzima. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Mashine iliyookota habari ya Agosti itakuapia kuwa sheria imekufa. Na Mswada wa Fedha wa 2024, uliorudishwa bungeni Juni bila kutiwa saini baada ya maandamano, nimeuona ukinukuliwa kama sheria. Kwa hiyo kila kifungu cha kodi nakiandikia tarehe niliyokifungua.

Mambo ya kwetu hayataki intaneti, yataka mwenyeji. Mama mmoja wa Shela alitaka tuandike kuwa nyumba yake ya wageni imo ndani ya Urithi wa Dunia. Mashine ilikubali mbio. UNESCO iliorodhesha Mji wa Kale wa Lamu, mwaka 2001. Shela ni kijiji kingine. Tukaandika "karibu na". Na hesabu za nahodha je? Mashine ilizidisha safari kwa siku 365, kana kwamba upepo wa kusi hauvumi ukazuia mashua. Mapato yake chanzo chake ni yeye: nikaandika "kwa mujibu wa daftari la mwenye biashara", nikaambatisha nakala za kurasa. Daftari lenyewe sikulipakia. Majina ya wateja, nambari za vitambulisho na taarifa za M-Pesa haziingii kwenye mashine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna aibu pia.

Tuliporudi kwa afisa, rasimu iliyoanza na nambari ishirini na mbili ilikuwa imebaki na kumi na nne. Nane sikuziona popote, nikazifuta, hata moja niliyoipenda sana. Afisa akaenda moja kwa moja kwenye kiambatisho, akaweka kidole kwenye 143,920, akafunua ukurasa. "Sasa hii injini, bei yake mmeitoa wapi?" Ami akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ankara ya duka.