Jinsi ya kumtafsiria bibi Mind Your Language bila kuua kicheko

Mjomba wangu alikuwa mtu wa reli. Kila alipopata safari ya Dar es Salaam alirudi na kanda za video, na nyingi zilikuwa vichekesho vya Waingereza. Vituo vya televisheni vya Tanzania Bara vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, kwetu Ujiji televisheni ilikuwa deki ya mjomba. Deki ilishakufa, lakini vichekesho vilevile ninavyo kwenye flashi, na kila Jumamosi baada ya isha naviwasha barazani kwa ajili ya bibi na majirani. Bibi anajua Kiha na Kiswahili tu. Mkalimani ni mimi, na kazi hii ina namna yake.

Kama watu wako hawajazoea, anza na Mr. Bean, kile kipindi cha kwanza kabisa kilichorushwa Januari 1, 1990. Kinaanzia kwenye chumba cha mtihani. Sema sentensi moja tu: "Huyu amesomea mada fulani, karatasi aliyoishika inauliza nyingine." Kisha kaa kimya. Namna Rowan Atkinson, mwigizaji wa Mr. Bean, anavyomwangalizia jirani yake, shingo ikirefuka kidogo kidogo huku macho yakijifanya yapo kwingine, haihitaji mkalimani. Kila aliyewahi kukaa darasani anaijua shingo ile.

Wakishazoea, lete Mind Your Language. Ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1977: mwalimu Jeremy Brown anafundisha Kiingereza jioni, na darasa limejaa wageni kutoka kila pembe. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na sisi wa Kigoma tuna sababu. Hapa sokoni kuna Mkongo, Mrundi, Muha na Mwarabu, kila mmoja na Kiswahili chake. Jirani yetu wa Uvira, Kongo, muuza vitenge, hucheka mapema kuliko wote Danielle, mwanafunzi Mfaransa, anapochomekea Kifaransa. Hapo ukalimani namwachia yeye.

Kitazame kipindi peke yako siku moja kabla. Usiruke hatua hii. Majina ya kigeni yatawachosha wazee, kwa hiyo wape wahusika majina ya kuonekana: wa kilemba, wa masharubu, dada wa Kijerumani. Miss Courtney, mkuu wa shule, aliyetaka mwalimu mwanamke na hamwamini Brown, bibi alimbatiza mwenyewe "Mama Mkwe". Jina likitoka kwa watazamaji, lichukue.

Sasa kukalimani kwenyewe. Zamani nilikuwa nawahi kueleza utani kabla haujafika, nikidhani namsaidia bibi. Siku moja akaniwekea mkono gotini akasema, "Nyamaza kwanza mwanangu, nimwone uso." Tangu hapo nangoja. Picha hizi zilirekodiwa mbele ya watu, na kicheko chao kinasikika. Kiache kipande kipite, kicheko cha huko kianze kushuka, ndipo useme, kwa maneno machache. Likiwa jambo refu, simamisha picha. Kaa upande wa sikio lake zima, na usimzibe televisheni.

Utani wa maneno ndio mgumu. Ali, mwanafunzi Mpakistani, anataka kusema "excuse me", anasema "squeeze me". Ukimweleza bibi kwamba neno la pili maana yake ni kuminya, atakuitikia kwa adabu, hatacheka. Tafuta maneno mawili ya Kiswahili yanayofanana vilevile. Mimi nilihangaika siku nzima, nikapata: Ali anataka kusema "samahani", anasema "sahani". Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, na sasa akihitaji kupita kwenye mkeka anasema, "Sahani, wanangu." Juan, yule Mhispania, usimtafsiri kabisa. Acha "por favor" yake ilie tu.

Kuna jambo nawaambia watoto kabla hatujawasha. Mwaka 1979 kipindi kilisimamishwa huko kwao, kwa sababu mataifa yalichorwa kwa sura moja moja: Mjapani wa kuinama, Mchina wa kunukuu Mao. Lalamiko hilo lina haki. Sisi tunaujua utani wa makabila, na utani wetu una sharti kwamba unayemtania naye ana zamu ya kukujibu. Darasa lile mara nyingi halipewi zamu hiyo. Kwa hiyo tunacheka na Ali, ila mtoto akienda kumwigiza Mhindi wa dukani, nitamwita.

Fawlty Towers, kichekesho cha hotelini, iache mwishoni. Vipindi ni 12 tu na vyote ni vizuri, lakini John Cleese, anayeigiza mwenye hoteli, anasema mbio mno, mkalimani utabaki nyuma. Chagua vile vipindi ambamo Manuel, mhudumu wa kutoka Barcelona, anatumwa hiki akafanya kile.

Kipindi kimoja kwa jioni kinatosha, ni kama nusu saa. Chaji kompyuta mchana, ili umeme ukikatika katikati umalizie humo. Kahawa ipikwe kabla, maana kelele za vikombe humeza maneno. Na dakika ya kile kipande cha sahani iandike kwenye karatasi ubandike pembeni ya televisheni, kwa sababu utaombwa ukirudie.