Marejeleo ya makala ya sayansi: tengeneza kadi, orodha itajipanga

Hapa Arua, Uganda, wananiita Mzee wa Nukta, na miaka arobaini na tano sijafika. Jina lilianza siku niliyomrudishia daktari mmoja muswada wake, orodha ya marejeleo nimeizungushia kalamu nyekundu kila nukta na kila mkato. Alinuna wiki nzima, kisha akaniletea muswada wa pili. Mimi ni karani wa data katika mradi wa malaria, lakini ikifika saa kumi na moja jioni meza yangu huwa ya marejeleo. Anayekuja huwa na haraka, na muswada lazima utumwe kesho.

Swali langu la kwanza huwa moja: jarida gani? Kabla hujaandika rejeleo hata moja, fungua maelekezo ya jarida kwa waandishi. Majarida mengi ya tiba hufuata mtindo wa Vancouver, jina lililotokana na mji wa Kanada ambako wahariri walikutana mwaka 1978. Marejeleo hupewa namba kwa kufuata zamu ya kutajwa: la kwanza kutajwa ni 1, na ukilitaja tena ukurasa wa tisa linabaki 1. Majarida ya elimu na saikolojia hupenda APA, yaani jina na mwaka ndani ya mabano, orodha ikipangwa kwa alfabeti. APA haiwasumbui sana watu wangu. Vancouver ndiyo inayowaliza.

Chukua makala ya madaktari wetu kuhusu ugonjwa wa silimu, enzi zile UKIMWI ulipoanza kutambuliwa wilayani Rakai:

Serwadda D, Mugerwa RD, Sewankambo NK, Lwegaba A, Carswell JW, Kirya GB, et al. Slim disease: a new disease in Uganda and its association with HTLV-III infection. Lancet. 1985;2(8460):849-52.

Itazame polepole. Jina kuu linatangulia, kisha herufi za kwanza za majina mengine bila nukta na bila mkato katikati, zisizidi mbili. Waandishi walikuwa kumi na wawili, majarida mengi huomba sita kisha «et al.», yaani na wenzao, lakini mengine huomba watatu, na mengine huwataka wote. Kichwa cha makala kina herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina maalumu tu. Jina la jarida lina ufupisho wake rasmi, usibuni wako. East African Medical Journal ni East Afr Med J, na ukikwama katalogi ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani itakuonyesha. Mwisho unakuja mwaka, nukta-mkato, juzuu, toleo ndani ya mabano, nukta pacha, kurasa, bila nafasi yoyote katikati. Ile 2 si kosa. Zamani Lancet ilihesabu juzuu mbili kila mwaka, ikianza upya kila Januari. Kuna kijana aliyeifuta akidhani mashine imekosea.

Sasa nieleze kwa nini siandiki haya kwa mkono. Mwaka mmoja nilikuwa na muswada wenye marejeleo 47, yote nimeyapa namba mwenyewe. Bosi akasoma, akasema aya moja ya mjadala ipande juu, iingie kwenye utangulizi. Aya moja tu! Ilikuwa na marejeleo sita, kwa hiyo namba zote kuanzia 9 zikahama. Nilikesha kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekwenda, na bado muswada ulirudi kutoka jaridani bila kusomwa: rejeleo la 23 lilikuwa linazungumzia nyoka mahali ambapo sisi tulizungumzia vyandarua.

Tangu hapo natumia Zotero, programu ya kompyuta ya kutunza na kupanga marejeleo. Ni ya bure, na kitufe chake hukaa ndani ya Word. Kila makala inakuwa na kadi yake, yenye waandishi, kichwa, jarida na mwaka. Ukihamisha aya, namba zinajipanga. Ukibadili jarida, unachagua mtindo mwingine. Hifadhi ya bure ni megabaiti 300, ambazo PDF huzimaliza upesi. Zima usawazishaji wa faili, acha kadi peke yake zisafiri, na bando lako litapumua.

Ila mashine hupanga kile ulichoipa. Hapa ndipo wengi huanguka: wanaona kosa kwenye orodha, wanalifuta palepale kwenye Word, na orodha ikijisasisha kosa linarudi. Rudi kwenye kadi. Mfano ninaokutana nao kila mwezi ni huu: «Statistics UB of». Ni nani huyo? Ni Uganda Bureau of Statistics, mtu kaiingiza kwenye visanduku viwili vya jina la binadamu. Badilisha viwe kisanduku kimoja. Ukiwa hapo angalia mwaka: utafiti wao wa afya na idadi ya watu ni wa 2016, lakini ripoti ilichapishwa 2018. 2016 inakaa kwenye kichwa, 2018 ndiyo mwaka wa kuchapishwa.

Majina yetu nayo ni kesi. Huku kwetu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza wasishiriki jina hata moja, na shuleni tulizoea kuanza na jina la nyumbani. Okello John wa makala hii ni John Okello wa makala ile, na mashine humfanya «John O». Usimrekebishe kwa kukisia. Fungua makala yenyewe, kisha tazama PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, ilivyomwandika. Na wewe unayechapisha kwa mara ya kwanza, chagua mpangilio mmoja wa jina lako leo, ujisajili ORCID, daftari la utambulisho wa watafiti, upate namba ya tarakimu 16, usije ukawa watu wawili.

Vichwa vya makala vilivyoingia kwa herufi kubwa tupu, virekebishe kwenye kadi. Plasmodium falciparum, jina la kisayansi la kimelea cha malaria, iwe ya mlazo.

Kabla ya kutuma, bonyeza DOI ya kila rejeleo, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni, ile inayoanza na 10. Zote. Siku hizi naletewa orodha zilizotungwa na roboti za mazungumzo: waandishi wa kweli, jarida la kweli, lakini makala haijawahi kuandikwa. DOI ikifungua kitu kingine, au isipofungua, tafuta kichwa cha makala kwenye Crossref, sajili ya DOI. Kisipopatikana popote, toa rejeleo, na utazame upya sentensi iliyolitegemea.

Wenzako wasifungue faili kwenye programu ya simu na kuihifadhi. Namba zitakufa zibaki maandishi matupu. Watumie PDF kwa WhatsApp, wakuandikie maoni. Mwishoni tengeneza nakala, kata uhusiano wake na Zotero, hiyo ndiyo uitume. Nakala hai ibaki kwako, kwa sababu wapitiaji wataomba uongeze marejeleo mawili au matatu, na usishangae moja likiwa la kwao wenyewe.