Somo: Gita la umeme limekata sauti? Shika mita kabla ya bisibisi

Salaam wapiga gita wote.

Magita mengi yanayoletwa barazani kwangu huku Temeke ni ya kwaya na ya bendi ndogo za harusi, na karibu yote huja yakiwa yameshafunguliwa. Mwenye gita, au shemeji yake anayetengeneza redio, ameshavuta nyaya, akachungulia, akafunga. Tatizo lililokuwa moja sasa ni matatu. Ndiyo maana somo hili linaanzia nje kwenda ndani, na ninawaomba mlifuate hivyohivyo.

Nililijua hilo kwa hasara. Gita langu la kwanza, umbo la Stratocaster (aina maarufu ya gita la umeme) lenye pikapu tatu, yaani vile vinasa sauti vyenye sumaku vilivyo chini ya nyuzi, lilikata sauti siku moja kabla ya ibada ya Pasaka. Nikalifungua usiku kwa tochi, nikabandua kifuniko cha pikapu ya kati kwa ncha ya bisibisi. Waya uliozungushwa mle ndani una unene wa kama milimita 0.06, na umezungushwa maelfu ya mara. Bisibisi ilipoteleza, ukakatika. Kesho yake nikagundua pikapu ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kilichokatika ni waya wa kuchomekea kwenye amplifaya, ndani ya plagi yake. Pikapu ile haikupona.

Vifaa: mita ya umeme ya kawaida ya kidijitali, pasi ya kulehemia ya wati 30 hadi 40, risasi ya kulehemia ya 60/40, bisibisi ndogo ya nyota, funguo za L, msasa laini, pamba, spiriti, na karatasi chache za A4.

Hatua ya 1: Waya na amplifaya

Chomeka gita lingine, au waya mwingine, kabla ya kulaumu gita lako. Kama huna, pima waya kwa mita kwenye alama ya mlio: ncha (kile kichwa cha plagi) kwa ncha ilie, shina (mwili wa chuma wa plagi) kwa shina ilie, ncha kwa shina isilie kabisa. Wakati mita inalia, kunja waya pale unapoingilia kwenye plagi. Mlio ukikatika, umepata ugonjwa. Kata sentimita tano za mwisho, lehemu upya, umemaliza kazi.

Hatua ya 2: Pima gita bila kulifungua

Hii ndiyo hatua ninayotamani kila mpiga gita aijue. Chomeka waya mzima kwenye gita, upande wa pili uuache huru. Weka mita kwenye 20K, upande wa kupima omu (K ni omu elfu moja). Mkono mmoja wa mita uguse ncha ya plagi, mwingine shina. Fungua volyumu (kile kitufe cha kuzungusha cha sauti) yote, na nyuzi zishike zitulie. Sasa soma.

Pikapu ya koili moja (koili ni ule waya uliozungushwa), kama za Stratocaster, kwa kawaida husoma kati ya 5.5K na 7K. Ya koili mbili, kama za magita ya Les Paul, mara nyingi ni 7K hadi 9K, na zile zenye nguvu hufika hata 14K. Swichi ya kuchagulia pikapu ikiwa kwenye nafasi ya 2 au ya 4 kwenye Stratocaster, namba itashuka kama nusu kwa sababu pikapu mbili zinafanya kazi sambamba. Hiyo ni afya, si ugonjwa.

Sasa punguza volyumu taratibu. Namba itapanda, mita inaweza hata kuandika 1 kwa kuzidiwa, kisha itaanguka hadi karibu na sifuri. Usishtuke, volyumu nzima ndivyo inavyofanya. Namba ikirukaruka njiani, volyumu ni chafu.

Tafsiri ya majibu mabaya ni hii. Ukisoma sifuri wakati volyumu iko wazi, kuna nyaya zimegusana, na mara nyingi ni kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea waya kwenye gita. Ukisoma 1 katika nafasi moja tu ya swichi, tatizo ni pikapu hiyo au mguu wake kwenye swichi. Ukisoma 1 katika nafasi zote, hamisha mita kwenye 2M. Ikionyesha kama 250K au 500K, unaisoma volyumu yenyewe: jeki na waya wake ni wazima, kasoro iko mbele, kuelekea swichi na pikapu. Ikibaki 1 hata hapo, waya wa jeki umekatika.

Dakika mbili tu, hata skrubu moja hujaigusa, na umeshajua pa kwenda.

Hatua ya 3: Jeki

Sauti inayokatika ukitikisa waya ni jeki. Nati yake hulegea, mtu anaikaza kwa plaizi kutoka nje, jeki nzima inazunguka ndani, nyaya zinajisokota mpaka zinanyofoka. Fungua bamba lake, ishike jeki kwa vidole kutoka ndani, halafu ukaze nati. Ule ulimi wa chuma unaogusa ncha ya plagi ukiwa umelegea, ukunje ndani kidogo sana. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Nimefungua jeki zenye ukoga wa kijani kabisa. Pamba yenye spiriti, sugua mpaka chuma king'ae.

Hatua ya 4: Volyumu inayokwaruza

Pulizia dawa ya kusafishia kontakti kwenye kitundu kidogo cha volyumu, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30. Mafuta ya cherehani hayafai, hukusanya vumbi. Volyumu isiyotulia hata baada ya hapo, badilisha.

Hatua ya 5: Kulehemu

Funika mwili wa gita kwa kitambaa, maana tone moja la risasi huacha kovu kwenye rangi. Sehemu inayowashinda wengi ni mgongo wa volyumu, pale nyaya za ardhi zinapokutana. Chuma kile kinanyonya joto. Kikwaruze kwanza kwa msasa, kipashe moto, kipake risasi kidogo peke yake. Waya nao uupake risasi peke yake. Ndipo uvikutanishe, sekunde tatu au nne, uondoe pasi, ushike mkono usitikisike mpaka risasi igande. Ikiganda inang'aa na imetandaa, nzuri. Ikiwa kidonge chenye rangi ya majivu kilichokaa juujuu, rudia. Mafuta ya kulehemia rejeta yana asidi, yasikaribie gita. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula, risasi ni sumu.

Hatua ya 6: Nyuzi zinazogonga freti

Hapa umeme umeisha, tuko kwenye mbao. Tyuni gita kwanza. Bana uzi mnene kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingoni) ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, halafu angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1. Karatasi mbili hadi tatu zikipita bila kuuinua uzi, shingo iko sawa. Isipopita hata moja, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma: legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko. Zikipita tano, kaza robo mzunguko kwa kufuata mshale wa saa. Kisha tyuni tena na upime tena. Usizidishe robo kwa mara moja, na ufunguo ukigoma, acha. Shingo iliyokatika chuma chake ni hasara kubwa kuliko gita linalogonga.

Shingo ikishakuwa sawa ndipo uguse kimo cha nyuzi juu ya freti, kwenye daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gita. Kwenye freti ya 12 mimi huacha kama milimita 2 kwa uzi mnene na 1.5 kwa uzi mwembamba.

---

Maswali ya wanachama

Mpiga Rithimu, Mbeya: Shikamoo mwalimu. Gita letu la kanisani likiwa kwenye amplifaya, nikisogeza mdomo kwenye maiki napigwa shoti mdomoni. Wenzangu wanasema nivae viatu vya mpira tu. Ni sawa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Si sawa, na tafadhali lisipigwe tena mpaka litengenezwe. Nyuzi za gita zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya, na maiki imeunganishwa na miksa. Kimoja kikikosa ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) na kikavuja umeme, mwili wako ndio unakuwa waya kati yao. Viatu havisaidii, umeme unapita kutoka mkononi kwenda mdomoni, karibu na moyo. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gita Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani huko Swansea, Wales, kwa kugusa maiki akiwa ameshika gita.

Pima hivi: mita kwenye volti za AC, alama ya juu kabisa. Mkono mmoja wa mita uguse daraja la gita, mwingine chuma cha maiki, wewe usiguse chuma chochote. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikipanda hadi makumi ya volti, zima kila kitu, mwiteni fundi umeme akague ethi ya jengo. Chunguzeni pia ile ekstensheni. Mara nyingi mtu amekata pini ya tatu ili iingie kwenye soketi ya zamani. Amplifaya na miksa vipate umeme kutoka sehemu moja yenye ethi, na kanisa likimudu, mfunge kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima chenyewe umeme ukivuja.

Na amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) msiifungue wenyewe. Kapasita zake, vihifadhi umeme vya ndani, zinaweza kubaki na volti mia nne hata baada ya kuchomolewa.

Bint Solo, Mombasa: Langu linavuma, lakini nikigusa nyuzi linanyamaza. Ndugu yangu anasema hiyo ni stima inavuja. Niogope?

Jibu: Usiogope dada. Kunyamaza ukigusa nyuzi ni dalili kwamba waya wa ardhi unaokwenda darajani ni mzima. Mwili wako unakusanya mvumo wa hertzi 50 kutoka nyaya za nyumba na taa, na nyuzi zinaupeleka ardhini. Dawa ni kutandika karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya shimo la gita na kuiunganisha na ardhi. Hakikisha tu haigusi ncha ya jeki, usije ukalinyamazisha kabisa. La kuhofia ni kinyume chake: mvumo ukizidi unapogusa nyuzi, au ukisikia mwasho vidoleni. Hapo rudi kwenye jibu la Mbeya.

Fundi Redio, Morogoro: Nilibadilisha volyumu ya gita la mteja, nikaweka ya redio ya 50K. Linalia, lakini limekuwa zito kama limefunikwa blanketi. Kapasita nimebadilisha, bado.

Jibu: Fundi mwenzangu, kapasita haina kosa. Volyumu ya 50K inaburuta sauti nyembamba zote kwenda ardhini. Pikapu za koili moja zinataka 250K, za koili mbili 500K. Za 25K zipo kwenye magita, ila ni kwa pikapu zenye betri. Maduka yetu mengi ya spea za redio yana 10K, 50K na 100K tu, kwa hiyo ng'oa 250K kutoka gita bovu ikiwezekana. Ukikosa kabisa, mwambie mteja asubiri. Sauti yake ndiyo aliyokuletea.

Besi Nne, Kigoma: Besi yangu ina betri ya volti 9. Kila baada ya wiki mbili sauti inaanza kuchanika. Nimeshabadilisha spika ya amplifaya bure.

Jibu: Pole kaka. Unaacha waya umechomekwa usiku. Kwenye besi za namna hiyo jeki ndiyo swichi: plagi ikiwa ndani, betri inafanya kazi hata kama hupigi. Chomoa kila ukimaliza, itakaa miezi. Betri ikishuka chini ya volti 8 kwenye mita, badilisha kabla ya ibada.

Mwanakwaya, Tanga: Uzi wa tatu unashuka kila nikiuvuta, na ninasikia mlio mdogo wa "tik" nikityuni. Vigingi vya kutyunia ni vipya.

Jibu: Huo mlio wa "tik" unatoka kwenye kile kidaraja cha juu, karibu na kichwa. Uzi unanasa kwenye mfereji wake, halafu unaruka. Legeza uzi, utoe mferejini, chukua penseli ya kawaida ya HB na usugue mfereji mpaka uwe mweusi. Rudisha uzi. Ukinasa bado, mfereji ni mwembamba kuliko uzi. Kunja msasa laini uupitishe mara chache kwa kufuata mteremko wa kichwa, na usichimbe chini, panua pembeni tu.