Kabla hujajitangaza mtandaoni: ya kuweka sawa kwa mwenye biashara ya huduma mjini Kigoma

Tuseme unatengeneza friji pale Mwanga, au una saluni Katubuka, au unashona nguo Ujiji. Kazi unaijua, wateja ni walewale, na kila anayepita anakwambia ujitangaze mtandaoni. Sawa, lakini muuza huduma si sawa na muuza vitenge. Mwenye vitenge mzigo ukiisha anaagiza mwingine. Wewe unauza mikono yako na saa zako, na hizo haziagizwi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niposti wapi", jiulize: wakipiga watu kumi kesho asubuhi, nitawahudumia wangapi? Fundi friji mwenye kijana mmoja wa kumsaidia atamaliza kazi tatu au nne kwa siku, tena kama hakuna inayodai kubadilishwa kompresa. Wa tano atasubiri, wa saba atakasirika, na hasira zake ataziandika palepale alipoliona tangazo lako. Ukiona uwezo ni mdogo, anza na watu wachache, au tangaza huduma moja tu unayoimaliza haraka.

Halafu namba ya simu. Hapa wengi hupuuzia, na mimi nasema ndipo penye biashara yenyewe. Laini ya biashara iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, siyo cha shemeji wala cha kijana uliyemwajiri, maana siku mkikorofishana anaondoka na wateja wote. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lako. Kisha pakua WhatsApp Business. Ni bure, na unaweza kuhamishia namba yako ileile bila kupoteza mazungumzo, ukishayahifadhi kwanza. Weka saa za kazi, salamu inayojituma yenyewe, na katalogi ya huduma zako. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya kulinda WhatsApp yako, siku hiyohiyo. Namba ikishasambaa, matapeli nao wanaiona, na atakuja mmoja kwa upole kabisa akuombe umsomee "zile tarakimu sita zilizoingia kwako kwa bahati mbaya". Hizo ndizo za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Ukimsomea, akaunti yako inaanza kukopa hela kwa wateja wako.

Na nani atapokea? Mikono ikiwa na grisi, au ukiwa katikati ya kusuka, simu italia hadi ikatike. Mteja wa mtandaoni hana subira, ana namba nyingine tatu mkononi. Kama huna mtu wa kupokea, andika wazi kwamba unajibu ujumbe saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, na kweli ujibu.

Bei sasa. Ile tabia ya "bei njoo inbox" ifike mwisho. Najua hoja yake: washindani wasione, na kila kazi ina bei yake. Lakini mtu wa Gungu anayehesabu bando lake hataki kuja inbox kubembelezana, anataka kujua kama hela yake inatosha. Kama huwezi kutaja bei ya kazi, taja ya kuanzia, na taja gharama ya kwenda kuangalia tatizo. Mfano: "Kuangalia friji ni bure ndani ya Mwanga. Ujiji, Kibirizi na Bangwe unalipia bodaboda kwenda na kurudi. Bei ya kutengeneza nakwambia kabla sijafungua." Sentensi ya mwisho hiyo inaleta wateja kuliko picha ishirini.

Kuhusu kuonekana kwenye ramani ya Google, fikiria wateja wako ni akina nani. Wenyeji hawakutafuti huko. Wanauliza kwenye kundi la mtaa au la kikoba. Wageni ndio wanaotafuta: waendao Gombe, wafanyakazi wa mashirika wanaopita kuelekea Kasulu, waliohamishiwa kikazi. Kujisajili ni bure, ila mara nyingi utatakiwa kurekodi video ya mtaa, kibao chako na wewe ukifungua mlango wa ofisi. Kwa hiyo kibao kiwepo kwanza. Namba ya nyumba na jina la barabara zilizowekwa kwenye zoezi la anwani za makazi zitakufaa hapo. Kama unawafuata wateja majumbani, unaweza kuficha anwani na kutaja maeneo unayofika tu.

Wafanyakazi wa mashirika, tena, hawakulipi bila risiti. TIN ya TRA na leseni ya halmashauri viwe tayari, na lipa namba iwe na jina lile lile lililo kwenye kibao. Jina likitofautiana, mtu anasita kutuma.

Picha ziwe za kazi yako, kabla na baada, mchana, karibu na dirisha. Za kuokota mtandaoni zinajulikana. Picha ya mteja unaomba ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, jaribu kumbandika bibi harusi wa Ujiji bila kuuliza kwao uone. Piga picha ya viganja vyenye hina, uso uache.

Tangazo la kulipia liwe la mwisho kabisa. Ukilipia Facebook au Instagram, angalia ramani ya walengwa kabla ya kubonyeza. Duara la kilomita 80 kutoka Kigoma mjini linavuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo na kuingia Burundi kwa juu. Kwa mwenye kushonea wafanyabiashara wa kule si vibaya. Fundi friji anakuwa amelipia kuonekana na watu ambao bodaboda yake haiwafikii, basi apunguze duara hadi liishie Mwandiga.